Herlinda na Jioni Tisa za Rozari

"Herlinda, hicho chuo chako si kinaitwa cha miaka miwili? Mbona huu wa saba na bado hujatoka?"

Swali hilo aliliuliza Donya Chayo, yaani Bi Chayo, jirani yetu wa nyumba ya kona, huku akimwagilia nyanya zake kwa mpira. Hakuwa na ubaya. Donya Chayo ni mtu wa kuuliza kwanza na kufikiri baadaye. Herlinda alikuwa anashuka kwenye gari na mkoba wa vitabu begani, bado amevaa kofia ya wavu ya kiwandani. Alicheka, akamjibu kwamba ni miaka miwili kwa wenye miguu miwili, yeye anakwenda kwa mguu mmoja, mwingine ameuacha kazini.

Na ndivyo ilivyokuwa. Herlinda Arroyo ana miaka arobaini na sita. Miaka kumi na tisa amesimama kwenye mkanda wa kiwanda cha kupakia matunda, nje kidogo ya mji wetu wa Los Tules, akichambua pichi. Hii ya sanduku, hii ya kopo, hii ya ng'ombe. Vidole vyake vimezoea hata akiwa kanisani utaviona vinapapasa papasa, kana kwamba kitabu cha nyimbo nacho kina upande uliobonyea. Mumewe, Fidencio, anatikisa milozi kwa mashine na kumwagilia mashamba ya watu. Binti yao Maribel ameolewa, anakaa mitaa miwili kutoka kwao.

Chuo alianza Maribel alipomaliza sekondari. Alichukua somo moja kwa muhula, mara chache mawili. Msimu wa pichi ukifika hakuchukua kitu, kwa sababu wakati huo kiwanda hakina saa ya kufunga. Alitaka kuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Siyo la pili wala la tatu. Yeye mwenyewe aliletwa huku ana miaka sita kutoka Michoacán, ng'ambo ya mpaka, hajui neno la lugha ya huku, na mwalimu kwa kukosa la kumfanyia alimkalisha nyuma na kalamu za rangi mwaka mzima. Herlinda husema darasa la kwanza yeye alilipaka rangi, hakulisoma. Kwa hiyo anataka kulirudia, safari hii akiwa mbele.

Lakini chuo cha mji hakikupi ualimu. Kinakupa nusu ya njia, halafu unaomba kuhamia chuo kikuu cha miaka minne, nao wakikukubali unamalizia huko nusu iliyobaki. Chuo kikuu kiko saa moja na nusu kwa gari. Mtu wa kiwandani hawezi. Ila kilikuwa na kundi moja la jioni katika mji wa jirani, kwenye majengo ya kukodi, kwa ajili ya watu wazima wanaofanya kazi. Kundi la mwaka huu lilitangazwa kuwa la mwisho. Baada ya hapo masomo yote ni mchana, huko huko mbali. Herlinda alilijua hilo tangu mwanzo wa mwaka, na sisi majirani zake tulilijua. Ilikuwa aingie sasa au asiingie kabisa.

Mwisho wa Februari barua ikaja. Amekubaliwa. Aliisoma mara tatu akiwa amesimama jikoni, kisha akamwita Fidencio aliyekuwa anakoga, naye akaingia na povu kichwani. Jumapili hiyo walipika tamale za unga wa mahindi, na mama mkwe wake, Donya Petronila, ambaye kwa miaka mingi hakupenda mambo ya mwanamke kusoma usiku, alikula nne, akasema mbele ya wote, "Huyu mkwe wangu ana kichwa kigumu. Afadhali kigumu kuliko kitupu." Kwa Donya Petronila hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Barua ile ilikuwa na masharti chini, kama barua zote za namna hiyo. Amalize masomo aliyoyaorodhesha, yaani mawili yaliyobaki, takwimu na bayolojia ya maabara. Akibadilisha chochote, awaarifu mara moja. Na hati ya matokeo ya kila chuo alichosoma iwafikie kabla ya katikati ya Julai. Herlinda aliyasoma masharti yote. Aliyaweka kwenye mlango wa friji kwa sumaku yenye picha ya Bikira.

Wiki ya pili ya Machi Donya Petronila akaanguka bafuni. Alikaa hospitali siku sita, ya saba akafariki.

Sasa hapa lazima niseme jambo. Herlinda ndiye mwombeshaji wetu. Mtu akifa mtaani, baada ya mazishi tunasali rozari jioni tisa mfululizo nyumbani kwa marehemu, na lazima awepo mtu wa kuongoza, anayejua litania zote, nyimbo za kupokea roho na za kuiaga, na mafungu ya jioni ya tisa ambayo hayamo katika vitabu vya kawaida. Zamani alikuwa Donya Petronila mwenyewe. Macho yalipomwishia alimfundisha mkwewe, siyo binti yake Amparo. Amparo hakusahau hilo. Na siku ya tano hospitalini, Donya Petronila alimshika Herlinda mkono akamwambia asimwachie mtu mwingine kazi yake. Herlinda akaitikia. Ungeitikia nini?

Mazishi yalikuwa Jumamosi. Jioni tisa zilianza Jumatatu, zikaishia Jumanne ya wiki iliyofuata. Na maabara ya bayolojia ilikuwa Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili hadi saa tatu usiku. Hesabu vidole: Jumanne, Alhamisi, Jumanne. Mara tatu. Kanuni ya maabara ilikuwa kwamba ukikosa mara tatu unaondolewa.

Rozari isingeweza kusogezwa. Mchana watu wako mashambani. Baada ya saa tatu watu wamelala, kwa sababu saa kumi alfajiri wanaamka. Herlinda alimwandikia mwalimu wa bayolojia, Daktari Whitlow, akaomba ahudhurie maabara ya asubuhi ya kundi lingine. Mwalimu akamjibu kwa upole kwamba viti ni ishirini na vinne na vyote vina watu. Akampa pole ya msiba. Akaongeza kwamba mara mbili atazivumilia, lakini Jumanne ya pili afike, hata kama atachelewa nusu saa.

Kwa hiyo swali lote likabaki kwenye ile Jumanne ya pili. Nayo ndiyo ilikuwa jioni ya tisa.

Anayejua anajua. Siku ya kwanza tunachora msalaba wa chokaa sakafuni, mbele ya picha ya marehemu. Jioni zote nane hakuna anayeukanyaga. Jioni ya tisa mwombeshaji anauinua kidogo kidogo, kichwa, mkono, mkono, miguu, na kifua, kila sehemu na sala yake, chokaa inafagiliwa kwenye kisanduku na kupelekwa kaburini. Ukikosa jioni ya nne hakuna kitu. Ukikosa ya tisa, msalaba umebaki chini na roho imebaki mlangoni.

Jumatatu ya pili, jioni ya nane, wanawake walipokuwa wanamimina kahawa ya mdalasini, Herlinda alimvuta wifi yake pembeni karibu na jiko. Nilikuwa hapo napanga mikate kwenye sinia. Alimwomba aongoze yeye kesho, atamwandikia kila kitu, atamwandikia kwa herufi kubwa. Amparo hakupandisha sauti.

"Mama alikuchagua wewe, hakunichagua mimi. Sasa unataka kwenda kupasua vyura?"

"Ni muda wa saa tatu tu, Amparo. Nikikosa wananitoa."

"Basi nenda. Tutafungua redio, itamwombea."

Herlinda alichukua sinia mkononi mwangu, akaenda kugawa mikate.

Jumanne alikuwepo. Aliuinua msalaba wa mama mkwe wake sehemu tano kwa sala tano, na sauti haikumkatika hata mara moja. Fidencio alilia kama mtoto. Amparo alipiga magoti nyuma kabisa. Mimi niliangalia saa ya ukutani ilipogonga saa moja, nikajua amekwisha kukosa.

Asubuhi yake barua pepe ilikuwepo. Ameondolewa bayolojia.

Wakati huo hakukata tamaa bado. Alikwenda kwa mshauri wa wanafunzi pale chuoni, Bwana Kevorkian, mzee wa Kiarmenia mwenye shamba la zabibu na suruali zenye vumbi hata ofisini. Amekuwa naye miaka yote saba, kila muhula anamwonyesha somo lipi lifuate. Bwana Kevorkian alipekua kompyuta yake, akakuta kwamba chuo kingine, cha mkoa unaofuata, kina bayolojia ileile inayoanza Aprili, masomo kwa kompyuta na maabara Jumamosi asubuhi. Kilikuwa na viti vitatu. Alimwandikisha papo hapo. Akamwambia, "Mama Arroyo, hakikisha chuo kikuu wanajua." Herlinda akaitikia, akashukuru, akaondoka mbio maana muda wa chakula kiwandani ulikuwa unaisha.

Alilisoma somo lile. Jumamosi nane aliamka gizani akaendesha gari hadi mkoa wa pili. Alifaulu vizuri, daraja la pili kutoka juu. Katikati ya Juni aliomba chuo chetu kipeleke hati yake chuo kikuu, nacho kikapeleka. Akadhani amemaliza.

Alilodhani ni hili. Sisi ukibatizwa parokia moja na ukafunga ndoa parokia nyingine, padri wa ndoa humwandikia padri wa ubatizo, naye anafungua kitabu chake na kuandika pembeni ya jina lako. Wewe hushiki kalamu. Herlinda alibatizwa Michoacán, ndoa yake ilifungwa Los Tules, na alipoomba cheti cha ubatizo miaka baadaye, alikuta ndoa yake imeandikwa pembeni, jina la Fidencio na tarehe. Hakuna aliyemwambia. Kwa hiyo Bwana Kevorkian aliposema chuo kikuu wajue, yeye alielewa kwamba wataandikiana. Mshauri ameandikisha kwa mkono wake, chuo cha pili kina jina lake, chuo kikuu kina jina lake, basi ofisi zitafungua vitabu na kuandika pembeni. Miaka saba katika vyuo, na bado aliwadhania kuwa kama mapadri.

Tarehe ya hati ikapita. Hakuna aliyemwandikia mwenzake.

Jumatano ya wiki ya tatu ya Julai, pichi zikiwa zimepamba moto, mapumziko ya saa nne asubuhi, Herlinda alikaa kwenye kreti akafungua simu. Aliniambia baadaye kwamba aliona kwanza neno "masikitiko". Nafasi yake imefutwa. Sababu: bayolojia ya maabara haionekani imekamilishwa, na mabadiliko hayakuarifiwa. Anaweza kukata rufaa mara moja tu, kwa maandishi, ndani ya siku kumi. Aliingia kwenye ukurasa wake wa chuo kikuu, ule uliokuwa na ratiba ya masomo na namba ya chumba. Ulikuwa mweupe. Limebaki jina lake juu.

Kengele ililia, akarudi kwenye mkanda. Msimamizi alimgombeza mara mbili siku hiyo kwa kupitisha pichi zilizooza.

Hakumwambia mtu siku nne. Fidencio aliona mkewe hali chakula, akadhani ni joto. Jumapili baada ya misa hakunyanyuka. Kanisa lilitoka lote, mafundi wa maua wakaanza kukusanya vyombo, yeye amekaa. Nilirudi nikakaa karibu naye. Akaniambia kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo kwamba amefukuzwa kabla ya kuingia. Nikamuuliza zimebaki siku ngapi. Akasema sita. Nikamuuliza amefanya nini mpaka sasa. Akasema, "Nimesali." Mimi naamini sala, Mungu anajua. Lakini nilimshika mkono nikamtoa kanisani.

Jumatatu aliomba ruhusa, akapiga simu chuo kikuu. Muziki wa kusubiria ulipiga saa moja na dakika kumi, ukakatika. Akapiga tena. Sauti ya msichana ikamwambia kwamba rufaa haisikilizwi kwa simu. Jumanne Fidencio alimpeleka mpaka huko chuoni, saa moja na nusu kwenda. Dirishani akamkuta kijana mstaarabu aliyemwambia jambo lilelile, kwamba rufaa ni kwa maandishi katika ukurasa, na kwamba bila hati ya matokeo ya chuo cha pili hakuna wa kuisoma. Herlinda akamwonyesha matokeo kwenye simu, haya hapa, nimefaulu. Kijana akatazama kweli, akasema, "Naona, mama. Hongera. Lakini hii kwetu ni picha tu."

Njiani kurudi, Fidencio anasema, alimwona mkewe akihesabu nguzo za umeme.

Chuo cha pili kilikuwa na shida yake. Wakati wa kiangazi ofisi zao hufungwa Ijumaa, na hati huchukua siku tano za kazi. Jumatano hakupata ruhusa, msimamizi alimwambia akitoka tena asirudi. Alhamisi alitoka hivyo hivyo. Alifika kule saa sita, akasimama dirishani, na mama mmoja wa makamo, mwenye rozari ndogo imening'inia kwenye kompyuta yake, akamsikiliza mpaka mwisho. Akasema siku tano ni siku tano. Kisha akamtazama tena, akasema ngoja. Saa tisa alasiri hati ilitumwa chuo kikuu mbele ya macho yake. Herlinda aliniambia alitaka kumbusu yule mama mikono, lakini kulikuwa na kioo.

Msimamizi hakumfukuza. Alimhamishia kwenye kuosha kreti.

Ikabaki rufaa yenyewe. Maneno yasizidi mia tano, mwisho Jumamosi. Na hapo ndipo nilipomwona amevunjika kweli, kuliko pale kanisani.

Kwa sababu fomu iliuliza sababu. Ilitoa mifano: ugonjwa wa mwombaji, na barua ya daktari, kifo cha mzazi, mume au mtoto, na cheti. Mama mkwe hakuwemo. Na hata angekuwemo, wangeuliza mazishi yalikuwa lini, wangekuta ni Jumamosi, na maabara aliyofukuziwa ni Jumanne, siku kumi baadaye. Ijumaa alasiri tulikuwa wanne mezani kwake: yeye, Maribel na kompyuta, mimi, na Donya Chayo aliyekuja kurudisha sufuria akakaa. Karatasi za kujaribia zilikuwa sita. Katika ya kwanza alikuwa ameeleza rozari ni nini, litania ni nini, msalaba wa chokaa, kila sehemu na sala yake. Maneno mia tano yaliisha kabla hajafika kwenye bayolojia.

Donya Chayo aliisikiliza, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, mtu wa ofisi akisoma hivi atadhani mnafanya uchawi. Na marehemu angekusamehe jioni mbili tatu, namjua."

"Marehemu angenisamehe, Donya Chayo. Waliokaa kwenye viti vya msibani je?"

"Hao walisahau wiki ileile. Walikuja kwa mikate."

Maribel alicheka, mama yake hakucheka. Mlango ukafunguliwa, akaingia Amparo. Hakuwa amekanyaga nyumba ile tangu Machi. Alikaa pembeni ya kiti, mkoba magotini, akasema amesikia kwa Fidencio. Halafu akatoa bahasha. Kuna jamaa yake anafanya kazi kwenye kliniki moja, ameongea naye. Barua ya daktari imepatikana: Herlinda alilazwa wiki ile kwa shinikizo la damu. Tarehe zipo, mhuri upo, limebaki jina. Atie jina tu.

Maribel alimtazama mama yake, na macho yake yalikuwa yanasema chukua. Simlaumu. Mimi mwenyewe, ambaye kila asubuhi napiga ishara ya msalaba kabla ya kuwasha jiko, moyo wangu ulisema chukua. Nilitubu baadaye, lakini ulisema.

"Mimi ndiye niliyekuzuia," Amparo alisema. "Nipe nafasi nirekebishe."

Herlinda aliichukua ile karatasi, akaisoma yote, mpaka chini ya mhuri. Alisema, na hakusema kwa hasira, kwamba wiki ile hakuwa mgonjwa. Alikuwa mzima kuliko siku zote, alikuwa anafanya kazi aliyofundishwa na mama yao, na hakuna jioni hata moja kati ya zile aliyotaka kuwa mahali pengine isipokuwa ile ya tisa, na hata hiyo kwa nusu ya moyo. Akiandika kwamba alikuwa amelala hospitalini, basi nani aliuinua msalaba?

"Andika unavyotaka," Amparo alisema. "Wakikukatalia utakuwa mkweli kiwandani."

"Najua."

"Hakuna kundi lingine, Herlinda."

"Najua, Amparo. Usinihesabie."

Amparo akaanza kulia, siyo kilio cha kwikwi, machozi tu yanashuka kwenye mkoba. Herlinda akainuka akamwekea kahawa. Karatasi ya daktari alimrudishia ikiwa imekunjwa vizuri, kama mtu anavyorudisha leso ya kuazima. Kisha akakaa tena na kushika kichwa. Mtu aliyesoma miaka saba somo moja moja, kisha anaambiwa ajieleze kwa maneno mia tano kwa watu ambao hawajawahi kumwona, na kweli aliyo nayo haimo kwenye orodha yao. Ningemwambia nini? Mungu ni mwema? Alikuwa anajua, na alikuwa analijua kwa litania yote.

Jumamosi asubuhi nilipita nikamkuta amekwisha kuoga na kuvaa gauni la kanisani, amekaa mbele ya kompyuta. Maribel alikuwa amesimama nyuma yake. Usiku alikuwa amefuta zote sita. Aliyoyaandika hayakufika hata maneno mia. Nilimuuliza kama hataki kueleza zaidi, japo kidogo kuhusu kiwanda, kuhusu kundi kuwa la mwisho. Akasema alijaribu, na kila alipoeleza alijisikia anaomba huruma, na kila alipoondoa alijisikia anajinyonga. Akachoka kuchagua. Alibonyeza kutuma saa mbili na robo. Ukurasa ukaandika kwamba umepokea na kwamba jibu linaweza kuchukua wiki tatu. Masomo yanaanza baada ya wiki tatu na siku mbili.

Ninapoandika haya ni wiki ya pili. Herlinda anaosha kreti, anarudi, anafungua simu, anaifunga. Juzi tulimzika mzee wa mtaa wa nyuma, na jioni anakwenda kuombesha. Alikosea neno la litania mara mbili, jambo ambalo sijawahi kulisikia kwake, na watu wakaitikia tu kana kwamba hajakosea. Vitabu vya muhula alivyokuwa amevinunua bado viko ndani ya mfuko mezani, na Fidencio anakula upande mmoja wa meza ili asivisogeze.

Aliniruhusu ninakili alichowaandikia, nami nakiweka kama kilivyo:

"Mwezi wa tatu mama mkwe wangu alifariki. Niliongoza sala zake jioni tisa, kwa sababu nilimwahidi, na kwa ajili hiyo nilikosa maabara mara tatu nikaondolewa kwenye somo. Sikuwa mgonjwa. Nililisoma somo hilo tena katika chuo kingine na nimefaulu. Hati yake iliwafikia Alhamisi. Sikuwaarifu. Nilidhani vyuo vitaandikiana, na kosa hilo ni langu. Naomba mnirudishie nafasi yangu katika kundi la jioni."